Tasnifu ya Uzamili ya Isimu: Kutoka Data ya Uwandani hadi Mbele ya Jopo

Wanafunzi wengi wa uzamili wa isimu humaliza masomo ya darasani kwa alama nzuri, kisha hukwama kwenye tasnifu mwaka mzima au zaidi. Ukizisoma rasimu zilizokwama, utaona kwamba nadharia si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Mara nyingi data ilikusanywa kabla swali halijakaa sawa, au mifano ya sura ya nne, ile ya uchanganuzi wa data, haina anwani: haijulikani nani aliitamka, lini, na alikuwa ameulizwa nini.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho, yaani tasnifu ya mofolojia (taaluma ya maumbo ya maneno) kuhusu kauli ya kutendea (kama *pika* inavyokuwa *pikia*) katika lugha ya Kibantu, inayoandikwa kwa Kiswahili katika chuo cha Tanzania au Kenya. Mifano tumeichukua kutoka Kiswahili chenyewe ili kila msomaji aweze kuipima kwa sikio lake. Anayeandika fonolojia, sintaksia au isimujamii atabadilisha orodha ya data na idadi ya watafitiwa. Hatua ni zile zile. Jambo moja litangulie yote: pata kanuni za uandishi wa tasnifu za chuo chako zilizochapwa, na pale zinapotofautiana na tunayoyasema hapa, fuata za chuo.

Kupunguza mada

"Unyambulishaji wa vitenzi katika lugha fulani" si mada ya uzamili. Ndani yake mna kutendwa, kutendea, kutendeka, kutendesha, kutendana na miunganiko yake yote, na kila kauli inajitosha kwa tasnifu nzima. Chukua moja. Hata hiyo moja ina pande tatu zilizo tofauti: umbo (alomofu zipi, yaani sura mbalimbali za kiambishi kimoja, zipo na nini kinazitawala), maana (manufaa, mahali, ala, sababu) na sintaksia (kitenzi kinaongeza yambwa ngapi, yaani nomino zinazotendwa au kutendewa, na ipi kati yake ina tabia za yambwa kamili). Pande hizo tatu ndizo malengo mahsusi matatu, na malengo hayo matatu ndiyo sehemu kuu tatu za sura ya nne. Ukiyapanga hivi mapema, sura ya nne unalijua umbo lake kabla hujaenda uwandani.

Lengo mahsusi liandikwe kwa kitenzi ambacho msomaji anaweza kukagua kama limetimia: kubainisha, kuainisha, kulinganisha, kueleza sababu. "Kuelewa matumizi ya kauli ya kutendea" halikaguliki, na mtahini atakuuliza umeelewa kiasi gani.

Pengo la utafiti nalo lina mtego wake. Wengi huandika kwamba lugha hii haijachunguzwa na mtu, wakaishia hapo. Lugha kutochunguzwa si tatizo la kitaaluma peke yake. Kuna maelfu ya mambo yasiyochunguzwa. Onyesha kwamba kuna jambo ambalo maelezo yaliyopo hayawezi kulijibu. Kwa mfano, maelezo ya kawaida husema alomofu ya kutendea huchaguliwa na irabu ya mzizi: *pik-i-a*, *lim-i-a*, *fung-i-a*, *kat-i-a*, lakini *som-e-a*, *chek-e-a*, *let-e-a*. Sawa. Sasa mizizi ya vitenzi vya silabi moja, isiyo na irabu ndani yake, inachagua kwa kigezo gani? *La* hutoa *lia*, *fa* hutoa *fia*, lakini *nywa* hutoa *nywea* na *nya* hutoa *nyea*. Hapo pana swali, na swali hilo linaweza kubeba sehemu nzima ya tasnifu.

Nadharia ichaguliwe baada ya swali. Anayeshughulikia toni atafaidika na Fonolojia Vipandesauti Huru ya John Goldsmith ya mwaka 1976, kwa kuwa inaiweka toni kwenye rusu (tabaka) yake, mbali na vipande vya sauti. Anayeshughulikia usilimisho wa konsonanti anaweza kutosheka na fonolojia zalishi ya Noam Chomsky na Morris Halle ya mwaka 1968. Orodhesha mihimili mitatu au minne ya nadharia uliyochagua, na pembeni ya kila mhimili andika utautumia kwenye sehemu gani ya sura ya nne. Mhimili usio na sehemu uufute. Nadharia inayopewa kurasa nane katika sura ya pili kisha haionekani tena ni kasoro ambayo watahini huikuta mara kwa mara, nao huihesabu kuwa kubwa.

Pendekezo na vibali

Pendekezo la utafiti huwa na kurasa 15 hadi 25: usuli, tatizo, malengo, maswali, mawanda, mapitio ya machapisho, kiunzi cha nadharia, mbinu, ratiba na bajeti. Liandike ukijua kwamba sehemu kubwa yake itahamia kwenye sura tatu za kwanza, hivyo hakuna sentensi inayopotea. Utakapolihamisha, badilisha njeo. "Data itakusanywa" inayobaki ndani ya tasnifu iliyokamilika huonyesha kwamba mwandishi hakuisoma upya.

Nchini Tanzania mwanafunzi wa chuo cha ndani kwa kawaida hupewa barua na chuo chake kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Mtafiti kutoka nje ya nchi huomba kibali kupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), ambayo huombwa mtandaoni baada ya pendekezo kupitishwa na kamati ya maadili. Tenga wiki tano kwa hatua hii. Beba nakala zisizopungua sita za kila barua, maana kila ofisi hubaki na moja.

Usipange safari ya uwandani wakati wa masika bila kuuliza hali ya barabara, wala wakati wa kulima au kuvuna. Watu watakukaribisha kwa adabu na watakosa muda wa kukaa nawe. Ukifika, ripoti kwa mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji kabla hujaongea na mzungumzaji yeyote, hata kama ni kijiji cha mama yako mzazi.

Orodha ya data: hapa ndipo tasnifu huokoka

Andaa orodha ya vitenzi kabla ya kwenda, na uipange kwa sababu za kiisimu. Orodha ya vitenzi 40 vilivyokuja tu kichwani huwa imejaa vitenzi vya silabi mbili vyenye a, i au u. Mtafiti akirudi na data hiyo atadai kwamba alomofu ni moja, *-i-*, na atakuwa amekosea bila kujua.

Kwa mfano wetu orodha inayotosha ina makundi haya:

- Vitenzi 10 kwa kila irabu ya mzizi. Lugha ya irabu tano inakupa 50, ya irabu saba inakupa 70.
- Vitenzi vyote vya silabi moja utakavyovipata. Huwa ni vichache, kati ya vinane na kumi na vitano.
- Vitenzi 15 ambavyo mzizi wake unaishia na irabu, kama *toa*, *nunua*, *zaa*, *kimbia*. Kiswahili hutoa *tolea*, *nunulia*, *zalia*, *kimbilia*: ile *l* iliyodondoka zamani kati ya irabu hujitokeza tena mbele ya kiambishi. Lugha jirani ambazo hazikuidondosha zitakupa ushahidi mzuri wa kulinganisha.
- Vitenzi 15 vya mkopo, kama *jibu*, *samehe*, *sahau*, *furahi*.
- Vitenzi 10 ambavyo tayari vimenyambuliwa, ili uone mpangilio wa viambishi vinapofuatana.

Jumla ni takriban 100 kwa lugha ya irabu tano, na takriban 120 kwa ya irabu saba. Kila kitenzi kiwekwe ndani ya sentensi, kwa sababu kitenzi peke yake hakionyeshi yambwa wala maana.

Wazungumzaji wanane hadi 12 wanatosha kwa mofolojia. Sarufi ni mali ya jamii nzima. Mtu wa tisini hataongeza kitu ambacho wa kumi na wawili hakukisema. Isimujamii ni jambo jingine, huko unapima mgawanyo wa matumizi kwa umri, jinsia au elimu, na kila kundi lazima liwe na watu wa kutosha. Katika kundi lako dogo weka wanawake na wanaume, vijana, watu wazima na wazee, na uandike kila mmoja alikulia wapi na anatumia lugha gani nyumbani. Aliyezaliwa kijijini na kukulia mjini ana mengi ya kusema, ila asiwe shahidi wako mkuu.

Kuuliza bila kumlisha mtu jibu

Swali baya kuliko yote uwandani ni "Je, mnaweza kusema hivi?" Mwenyeji mwenye adabu atajibu ndiyo ili asikuvunje moyo. Mpe hali, kisha mwache atunge mwenyewe: "Mama yuko jikoni, anapika kwa ajili ya wageni. Ungesemaje?" Picha na hadithi fupi hufanya kazi vizuri kuliko tafsiri. Ukimpa sentensi ya Kiswahili aitafsiri, atafuata mpangilio wa maneno wa Kiswahili, nawe utaandika sintaksia ya Kiswahili ukiipa jina la lugha nyingine.

Upimaji wa usahihi unahitaji sentensi mbovu pia. Chukua hii:

(1) Watoto walisomewa hadithi na mwalimu.
(2) *Hadithi ilisomewa watoto na mwalimu.

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili hupokea ya kwanza na kukataa ya pili, na tofauti hiyo inaonyesha kwamba yambwa mbili za kitenzi hiki hazina hadhi sawa. Lugha nyingine za Kibantu, Kichaga kikiwemo, hukubali zote mbili. Lakini kinyota kilicho mbele ya mfano wa pili ni dai, na dai linataka mashahidi. Andika: imekataliwa na wazungumzaji tisa kati ya kumi, mmoja ameikubali. Yule mmoja usimfiche. Huenda ni wa lahaja nyingine, na hapo una jambo jipya la kueleza.

Changanya sentensi unazopima na nyingine ambazo hakika ni sahihi na nyingine ambazo hakika ni mbovu. Anayekubali zote hadi zile mbovu kabisa anakuonea haya, na majibu yake kwa kipindi hicho usiyatumie.

Ridhaa ipatikane kabla ya kurekodi data. Kwa asiyesoma, isomwe kwa lugha anayoielewa na akubali kwa sauti, huku kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Jina lake lisiingie kwenye tasnifu, mpe msimbo.

Kurekodi

Tumia umbo la WAV, 44.1 kHz, biti 16. Dakika moja ya chaneli moja ni takriban MB 5, saa moja ni zaidi kidogo ya MB 300, hivyo kadi ya GB 32 inatosha kwa safari nzima. Usirekodi kwa MP3 na usitumiane sauti kwa WhatsApp ukitarajia kuzipima baadaye. Mbano wa faili hukata taarifa za akustika ambazo hutazipata tena.

Kipaza sauti kikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya *p* na *t* isikipige. Nyumba ya bati mvua ikinyesha haifai. Chini ya mwembe penye upepo hapafai bila kifuniko cha sponji. Chumba chenye godoro, nguo zilizotundikwa na mapazia kinatosha kabisa. Zima feni, peleka kuku mbali, na anza kila faili kwa kutamka tarehe, mahali na msimbo wa mzungumzaji.

Kwa data ya toni, kila neno litamkwe mara tatu peke yake na mara tatu ndani ya sentensi kiunzi ile ile. Katika Praat (programu ya kuchanganua sauti) weka masafa ya kiwango cha sauti kati ya 75 na 300 Hz kwa sauti za kiume, 100 na 500 Hz kwa za kike. Usiporekebisha, programu huweza kuruka oktava na kukuonyesha toni ya juu isiyokuwepo.

Kila jioni hamisha faili na uweke nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje inayokaa mfuko tofauti na kompyuta, na mtandaoni pindi unapopata intaneti. Kompyuta huibiwa pamoja na begi lake.

Anwani ya kila mfano

Hili tunalisisitiza kuliko yote. Buni msimbo mmoja unaotaja mzungumzaji, kipindi na sekunde. Mfano: K3-02-14:07 ni mwanamke wa tatu ("K" kwa kike), kipindi cha pili, dakika ya 14 na sekunde ya 7. Msimbo huo uambatane na mfano kutoka kwenye daftari la uwandani, kwenda kwenye ELAN (programu ya unukuzi) unakonukuu, kwenye jedwali la data, hadi kwenye ukurasa wa tasnifu. Mtahini akiuliza mfano wa 27 umetoka wapi, unafungua faili na wote mnausikia. Aliyechelewa kuweka misimbo hulazimika kusikiliza saa 20 za sauti akitafuta sentensi moja, na mara nyingi huishia kuifuta.

Saa moja ya sauti hula siku mbili au tatu za unukuzi na tafsiri. Ukirekodi saa 30 unajipa kazi ya miezi mitatu kabla hujachanganua chochote. Kwa mada yetu saa nane hadi kumi zilizopangwa zinatosha, na saa mbili za mazungumzo huru ziwe za kuhakiki kama miundo uliyoipata kwa kuuliza hujitokeza yenyewe watu wanapozungumza.

Mifano ioneshwe kwa mistari mitatu, kufuata kanuni za Leipzig (mwongozo wa kuonyesha maana ya kila mofimu chini ya mfano), idadi ya vistari katika mstari wa kwanza ikilingana na ya mstari wa pili:

(3) Mwalimu a-li-wa-som-e-a wa-toto hadithi
mwalimu KM1-NJP-YM2-som-TDE-KI NG2-toto hadithi
'Mwalimu aliwasomea watoto hadithi.' (M1-01-06:32)

KM ni upatanisho wa kiima na tarakimu ni ngeli, NJP ni njeo iliyopita, YM ni yambwa, TDE ni kiambishi cha kutendea, KI ni kiishio, NG ni ngeli. Vifupisho vyote viorodheshwe mwanzoni mwa tasnifu. Hesabu: *a-li-wa-som-e-a* ina vipande sita, na mstari wa chini una vipande sita. Fanya hesabu hii kwa kila mfano. Inachosha, na ni kinga dhidi ya makosa ambayo mtahini anayaona kwa kupitisha jicho tu.

Kuandika: anzia sura ya nne

Mpangilio uliozoeleka una sura tano: utangulizi, mapitio ya machapisho na kiunzi cha nadharia, mbinu za utafiti, uwasilishaji na uchanganuzi wa data, na hitimisho na mapendekezo. Kuandika kusifuate mpangilio huo. Anza na sura ya nne ukiwa bado unazikumbuka sauti, kisha ya tatu, halafu rekebisha ya pili iendane na kile ulichokipata, ndipo uandike ya tano na ya kwanza. Ikisiri iandikwe mwisho.

Ndani ya sura ya nne kila sehemu iwe na mwendo huu: dai kwa sentensi moja, jedwali au mifano, maelezo ya kile mifano inachoonyesha, mifano inayopinga, kisha nadharia inasemaje. Udhaifu mkubwa wa rasimu nyingi ni kuweka mifano 15 mfululizo na kuifuatisha na sentensi "kama inavyoonekana hapo juu". Msomaji haoni. Mwambie aangalie mofimu ya ngapi, ailinganishe na nini.

Istilahi moja ichaguliwe na ishikiliwe. Kama ni yambwa, isiwe shamirisho ukurasa wa 60. Kama ni njeo, isigeuke wakati. Kiswahili kina istilahi shindani katika isimu kwa kuwa wataalamu wameziunda kwa nyakati na mahali tofauti. Si aibu kuwepo, ila mwandishi mmoja hapaswi kuzichanganya. Eleza uteuzi wako katika sura ya kwanza.

Msimamizi apewe sura moja moja, pamoja na ukurasa mmoja unaosema umerekebisha nini tangu mara ya mwisho. Kumrundikia sura tatu kwa pamoja huzaa ukimya wa miezi. Andika tarehe ya kukabidhi, na baada ya wiki tatu mkumbushe kwa heshima.

Umbo la maandishi

Vyuo vingi hutaka fonti ya ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, na pambizo ya kushoto ya sentimita 4 kwa ajili ya kujalidi. Kurasa za mwanzo (uthibitisho, ikirari na hakimiliki, shukurani, tabaruku, ikisiri, yaliyomo) hupewa namba za Kirumi ndogo. Sura ya kwanza huanza na 1.

Mambo mawili ya kiufundi huokoa wiki nzima. Tumia mitindo ya vichwa ya programu ya kuandikia ili yaliyomo yajitengeneze yenyewe. Na namba za mifano ziwe za moja kwa moja, zikirejelewa kwa viungo. Aliyeandika (1), (2), (3) kwa mkono akiongeza mfano mmoja katikati hulazimika kubadilisha 80 zinazofuata, pamoja na kila sentensi inayozitaja.

Alama za kifonetiki ziandikwe kwa fonti yenye alama zote, kama Charis SIL au Doulos SIL, na PDF itengenezwe fonti zikiwa ndani. Vinginevyo [ŋ], [ɲ] na alama za toni hugeuka visanduku kwenye kompyuta ya mtahini.

Marejeleo yasimamiwe kwa Zotero au programu kama hiyo tangu siku ya kwanza. Kabla ya kukabidhi tafuta alama ya mabano katika maandishi yote, na kila jina unalolikuta ulihakiki kwenye orodha. Pima pia mfanano kwa programu inayotumiwa na chuo. Asilimia ikiwa juu, soma ni sentensi zipi zimewekewa alama: ikirari na marejeleo huongeza namba bila kosa lolote, lakini aya ya sura ya pili iliyonakiliwa na kubadilishwa maneno mawili matatu ni wizi wa kitaaluma, hata kama chanzo kimetajwa.

Mbele ya jopo

Tasnifu husomwa na mtahini wa ndani na mtahini wa nje, na hilo huchukua miezi. Pale chuo kinapotaka mwanafunzi atetee, kwa kawaida hupewa dakika 15 hadi 20 za kuwasilisha, kisha maswali. Slaidi 13 zinatosha: jina, tatizo, malengo, nadharia, mbili za mbinu, sita za matokeo (mbili kwa kila lengo), na moja ya mchango na mapendekezo. Wengi hutumia dakika 12 kwenye usuli na mapitio, halafu mwenyekiti anawakatisha matokeo yakiwa hayajaguswa. Jopo limeshasoma tasnifu. Fika kwenye matokeo kabla ya dakika ya saba.

Mfano mmoja wa sauti ukisikika ndani ya chumba una nguvu kuliko slaidi tatu. Beba spika ndogo, ijaribu kwenye chumba kile kile, na uwe na PDF ya slaidi kwenye diski ya mkononi.

Maswali yanayorudi karibu kila mara ni haya: kwa nini nadharia hii na si nyingine; mchango wako mpya ni upi; kwa nini watu 12; mfano fulani umetoka kwa nani; na ni data gani ingepinga hitimisho lako. Hilo la mwisho ndilo huwakwamisha wengi, na jibu lake ulishaliandaa ulipoweka vitenzi vya silabi moja kwenye orodha. Mtahini akikuuliza *nywea* inakaaje ndani ya kanuni ya irabu ya mzizi, utajibu kwa kumpeleka ukurasa ulipoijadili: kwamba kanuni hiyo haiihusu mizizi isiyo na irabu, umependekeza kigezo gani, na umekipima kwa mizizi mingapi.

Andika kila swali kabla ya kujibu. Jibu kwa kutaja ukurasa. Swali ukiwa hukulielewa, omba lirudiwe: "Ndugu mwenyekiti, naomba mtahini anifafanulie sehemu ya pili ya swali." Mtahini akiwa sahihi, mkubalie na useme utarekebisha wapi. Akiwa hakukuelewa, mwonyeshe sentensi iliyopo, kisha ahidi kuifanya iwe wazi zaidi, kwa sababu kama yeye hakuielewa, wengine pia hawataielewa. Msimamizi hayupo pale kukujibia, usimgeukie.

Masahihisho na nakala za mwisho

Matokeo huwa mojawapo ya haya: kufaulu bila masahihisho, masahihisho madogo, masahihisho makubwa, kuandika upya, au kushindwa. Masahihisho madogo ndiyo hukumu inayowapata wengi, na si jambo la kusikitikia.

Tengeneza jedwali la safu nne: hoja ya mtahini kwa maneno yake mwenyewe, ulichofanya, ukurasa wa zamani, ukurasa mpya. Usiache hoja hata moja, pamoja na zile za nukta na mkato. Hoja usiyokubaliana nayo ijibiwe kwa sababu na data kwenye safu ya pili. Jopo hupokea hilo, ila halipokei ukimya. Kazi hii ifanywe katika wiki mbili za kwanza wakati kichwa bado kina moto, kwani tarehe ya mwisho iliyo mbali huwapumbaza watu mpaka muhula mwingine unafika na ada inadaiwa tena.

Msimamizi, au yeyote aliyeteuliwa na jopo, akishatia sahihi kwamba masahihisho yamekamilika, toa nakala moja ya majaribio. Ipitie ukurasa kwa ukurasa kwa kidole: kurasa zilizogeuzwa, jedwali lililokatwa pembezoni, toni iliyodondoka. Ndipo uende kujalidi kwa jalada gumu la rangi ambayo chuo kimeagiza, idadi iliyotajwa kwenye kanuni. PDF iende maktaba. Faili za sauti, unukuzi na jedwali la misimbo ziweke mahali ambapo mtafiti mwingine anaweza kuzifikia kwa masharti waliyoridhia wazungumzaji, na nakala moja ya rekodi pamoja na nakala moja ya tasnifu zirudi kwenye ofisi ya kijiji ulikopewa data.